Migahawa ya bei chee huku Japani: chakula kitamu kweli au tunajipa moyo tu?

Kaunta_Saba

Wakuu habari za Jumapili.

Sina ugomvi na mtu ila leo nina la moyoni. Huu ni mwezi wangu wa nane Japani, na kila niliyemuuliza kabla sijaja aliniambia wimbo ule ule, ukifika huko kwenye kula hutapata shida, migahawa ya bei chee imejaa na chakula kitamu balaa. Sasa mimi nimekula. Nimekula gyudon, lile bakuli la wali wenye nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba kama karatasi na vitunguu juu, nimekula sushi za mkanda, zile sahani za wali na samaki zinazozunguka mbele ya meza, rameni za tambi na mchuzi, kari, na nasema hivi, bei sawa ni rahisi, huo utamu mnaousema ndo bado sijakutana nao.

Jana ndo imenimaliza. Binamu yangu kaja kunitembelea nikasema huyu nimpeleke sushi ya mkanda maana ni kitu anachokiona kwenye simu tu. Tumefika, unachukua namba kwenye mashine, dakika arobaini tunasubiri kuitwa, hatimaye tukakaa. Pale mezani kuna kabomba kadogo na chini yake kitufe cheusi. Binamu akasema aah hawa watu wastaarabu, wameweka mpaka pa kunawia, akapeleka vidole akabonyeza. Wakuu, yale ni maji ya moto ya kukorogea chai! Alipiga ukelele mgahawa mzima ukageuka. Mhudumu akaja mbio na taulo lenye barafu, anainama, anaomba radhi utafikiri yeye ndo katuunguza. Vidole vitatu vyekundu na hata hatujaagiza.

Halafu chakula chenyewe. Sahani moja vipande viwili, samaki kama kivuli, wali wa baridi umetiwa siki na una kasukari kwa mbali. Binamu kamaliza sahani kumi na tatu akaniuliza kwa sauti ya chini, "sasa chakula chenyewe kinakuja saa ngapi?" Nilicheka ila roho iliniuma, bili ilikuwa yeni 4,000 na ushee na tulipofika nyumbani tukapika upya.

Sasa niambieni ukweli, nyie mnaosifia mnakula wapi, au tunajipa moyo tu kwa sababu mfuko hauruhusu kwingine?

Mama_Miso

Mpe pole binamu, hiyo bomba imeshaunguza wengi, na mimi nimo, sema mimi ilikuwa mwaka wa kwanza na nilijikausha nikameza machozi. Pale mezani kuna kikopo cha unga wa kijani, unatia kijiko kimoja kwenye kikombe, unasukuma kitufe kwa kikombe siyo kwa mkono, chai hiyo bure mpaka uchoke mwenyewe.

Ila mdogo wangu ngoja nikuseme kidogo. Umemchukua mtu mwenye njaa ya safari ukampeleka mahali pa kuonja. Sushi ya mkanda unaenda na watoto, unaenda kupiga soga, unakula sita saba unatoka. Mtu anayetaka kushiba anapelekwa teishoku. Teishoku ni sinia, lina wali, supu ya miso (ile ya soya iliyochachushwa), kachumbari kadogo ka kuchachusha na kitoweo kimoja, samaki wa kuchoma au kuku wa kukaanga au nguruwe kwa wanaokula. Elfu moja hivi, pengine inapungua pengine inazidi kidogo. Mitaani kuna vile vigahawa vya mtu na mkewe, kaunta ya watu wanane, pazia la kitambaa mlangoni, humo ndo ukale kwanza kisha urudi hapa utuambie kama bado hujaona utamu.

Gemba_Usiku

Gyudon isiguswe tafadhali 😂 imenilea. Nafanya shifti ya usiku kiwandani, natoka saa kumi na moja alfajiri, hamna kitu kingine kilicho wazi kinachokupa nyama na wali wa moto kwa kama yeni 500, na ukikaa tu kwenye stuli unaletewa maji, ukiagiza hujamaliza hata kufungua zipu ya koti bakuli liko mbele yako.

Kaunta_Saba nahisi hujui kuagiza. Usiseme tu gyudon. Sema tsuyudaku, yaani waongeze mchuzi, hakuna malipo ya ziada sehemu nyingi, wali unalowa vizuri. Halafu ile tangawizi nyekundu kwenye kiboksi ni bure, weka ya kutosha, inakata ule utamu wa sukari. Malizia na pilipili ya shichimi. Na yai bichi, ndiyo nimesema bichi, unalikoroga unamwagia juu. Mwanzo niliapa sigusi, sasa hivi bila yai naona nimepunjwa. Mayai ya huku yanaoshwa na yanaandikwa tarehe ya mwisho ya kuliwa mabichi, siyo ya kubahatisha.

Kaunta_Saba

Gemba yai bichi hapana kaka, hapo tutaachana.

Ila umegusa kitu, hiyo sukari. Mbona kila kitu huku kina sukari? Nyama ina sukari, samaki wa kuchemsha ana sukari, yai la kukaanga lina sukari, hata wali wa sushi! Mimi nikila chakula cha mchana sitaki kitamu cha namna hiyo.

Fundi_wa_Mkanda

Nimesoma nikaona niingie maana hii ni kazi yangu. Nilifanya baito, yaani kibarua cha muda, jikoni kwenye sushi ya mkanda miaka miwili wakati nasoma, zile saa 28 kwa wiki tunazoruhusiwa wanafunzi zote ziliishia kwenye wali. Kwa hiyo sikilizeni.

Wali wa sushi unatiwa siki, sukari na chumvi, hilo ndo jina lake, ukitoa siki siyo sushi tena ni samaki juu ya wali. Kwa hiyo siki na kasukari usivilaumu. LAKINI umesema wali ulikuwa wa baridi, na hapo una haki yako na ungeweza hata kulalamika. Wali wa sushi unatakiwa uwe na joto la mwili, ukiuweka mdomoni usihisi moto wala baridi. Ukiwa wa baridi maana yake umekaa, punje inakuwa ngumu katikati, siki inapanda puani, na kila samaki utakayemweka juu yake atakuwa na ladha ya friji. Sisi chombo cha wali kilikuwa na joto lake na muda wake, ukipita unamwaga, na msimamizi alikuwa anachota kidogo kwa kidole kila baada ya muda, akikunja uso tunaanza upya.

Na hapana, hakuna mzee mwenye kilemba anayekufinyangia. Kuna mashine. Unajaza wali juu, chini inatoa vibonge, kila kimoja gramu ishirini hivi, mfanyakazi kazi yake kuweka samaki. Kampuni ya Suzumo ilitoa mashine ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1981, na ndo moja ya sababu wewe na mimi tunaweza kula sushi bila kukopa. Mkanda wenyewe ni wa 1958, mtu anaitwa Yoshiaki Shiraishi alikuwa na duka la sushi la kula umesimama Higashi-Osaka, wateja wengi wafanyakazi wachache, alipoona mkanda wa kiwanda cha bia akapata wazo. Yaani tangu mwanzo hii kitu ilibuniwa kwa ajili ya watu wa viwandani wenye njaa na hela kidogo, siyo mabosi.

Kwa hiyo ukienda tena usichukue kinachozunguka. Agiza kwenye skrini kifinyangwe sasa hivi. Siku hizi wengi hata hawazungushi tena, hasa baada ya ile video ya mwanzoni mwa 2023 ya kijana kulamba chupa ya mchuzi wa soya, sahani inakuja moja kwa moja kwa oda yako.

Pwani_Kabisa

Nafuatilia huku natafuna chipsi 🍿

Swali kwa Fundi, hao samaki wabichi minyoo vipi? Usinijibu kisiasa.

Fundi_wa_Mkanda

@Pwani_Kabisa mnyoo unaosumbua huku anaitwa anisakis. Baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa zaidi ya saa 24 inamuua, na samaki wengi wa migahawa ya bei chee wanakuja wameganda kama tofali. Wasichokwambia ni kwamba kwenye hilo huyu wa bei chee ana nafuu kuliko yule aliyevuliwa asubuhi na rafiki yako, akakatwa nyumbani kwa kisu cha mkate.

Nyongeza kwa wanaopenda samoni, msijifanye mnakula asili. Wajapani zamani samoni mbichi hawakuwa wanagusa, alikuwa anachomwa au anatiwa chumvi, kwa sababu hiyo hiyo ya minyoo. Ni Wanorwei waliokuja kuwabembeleza miaka ya 1980 na samaki wao wa kufuga. Leo nenda kakae uone watoto wanaagiza nini. Na ile wasabi ya kwenye paketi kwa sehemu kubwa ni mzizi mwingine mkali umepakwa rangi ya kijani, wasabi yenyewe ni ghali.

Mama_Miso

Fundi ahsante kwa somo, ila umeniharibia wasabi.

Abuu_Saumu

Assalaam aleikum wakuu. Uzi mzuri, ila wengine kabla ya utamu tunaangalia kama kinalika. Niongee kidogo maana najua humu tuko wengi na ndugu wapya wanadanganyika.

Rameni: ile nyeupe nzito inayoitwa tonkotsu ni mifupa ya nguruwe imechemshwa masaa. Hata ile ya mchuzi wa soya au ya miso mara nyingi kuna mafuta au mfupa humo, na kile kipande cha nyama juu ni nguruwe. Gyudon: nyama ni ng'ombe kweli ila hajachinjwa tunavyotaka, na mchuzi una mvinyo au mirin, kile kilevi kitamu cha mchele cha kupikia. Mirin halisi ina kilevi kama asilimia 14, na ndo hiyo inayoleta ule utamu anaoulalamikia Kaunta_Saba, mirin, sukari na soya ndo ndugu watatu wa jiko lao. Kari: ule mchuzi mzito mara nyingi una mafuta ya nguruwe hata kama umeagiza ya mboga.

Mimi ninavyofanya, migahawa mikubwa ina jedwali la vitu vya mzio, mezani au kwenye tovuti. Liliwekwa kwa ajili ya wenye mzio siyo kwa ajili yetu, ila nguruwe mara nyingi yumo kwenye orodha, tafuta herufi hii 豚 uone kama kuna alama. Kilevi humo hakiandikwi, hapo inabidi uulize. Sushi mimi nakula samaki na tango, yai naacha, mchuzi wa mkunga naacha. Kila mtu na msimamo wake mimi siyo mufti.

Gemba_Usiku

Abuu umenifungua macho kwenye kari. Miaka minne nakula "ya mboga" najiona mchamungu 🤦🏾

Dada_Hesabu

Mimi langu ni bili tu. Kuna sehemu ya jioni tuliingia watu wanne kutoka kazini, zile za vinywaji na vitu vya kushika shika, izakaya. Hatujaagiza, tukaletewa vibakuli vinne vya viazi vya kupondwa. Tukasema hawa wakarimu kweli! Tukala. Kwenye bili kila mtu kakatwa yeni 400 za vile viazi. Nikauliza, naambiwa ni otoshi. Nani aliagiza otoshi?

Mzee_Kijiko

Dada hiyo ni kama kiingilio cha meza, izakaya nyingi zina yake, mia tatu mpaka mia tano kwa kichwa. Hata wenyewe wanainung'unikia. Baadhi ukisema mwanzoni kabisa hutaki wanakuondolea, baadhi wanakwambia ndo utaratibu. Ukishaonja, basi tena. Na angalia kodi, tangu Oktoba 2019 ukikaa kula ni asilimia 10, ukibeba ni 8. Ile bei kubwa kwenye picha mara nyingine haina kodi, yenye kodi imeandikwa chini kwa herufi za mchwa.

Sasa niende kwa mwenye uzi. Kijana mimi nimekaa nchi hii tangu kabla hamjazaliwa baadhi yenu humu. Mwaka 2001 bakuli la gyudon lilishuka mpaka yeni 280. Nakumbuka nilikuwa nakula mara mbili kwa siku, nikipata mshahara naongeza supu. Yoshinoya, kampuni ya migahawa ya gyudon iliyoanza 1899 kwenye soko la samaki Nihonbashi, Tokyo, msemo wao ni umai, yasui, hayai, tamu, rahisi, haraka. Halafu mwisho wa 2003 ukatokea ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe Marekani, nyama ikazuiwa, Februari 2004 gyudon ikaondolewa kwenye menyu yao. Siku ya mwisho watu walipanga foleni nje kama wanaenda kuaga maiti. Wazee wenye suti! Kwa bakuli la wali na nyama. Mimi nilisimama kwenye foleni hiyo na sikuwahi kujiuliza kama ni tamu au la, nilikuwa nimeshaizoea kama mtu anavyozoea sauti ya jirani. Ilirudi 2006 na nikasimama tena.

Ila nikubali jambo, chakula cha bei chee cha leo siyo kile. Sahani ya sushi ya yeni mia ilidumu miaka mingi, Oktoba 2022 makampuni makubwa yakaanza kupandisha moja baada ya lingine. Rameni wenye maduka walikuwa wanauogopa ukuta wa elfu moja, sasa hivi baadhi wameuruka. Na mchele ndo usiseme, kilo tano zilikuwa kama elfu mbili, 2025 zikavuka elfu nne mpaka serikali ikafungua maghala yake ya akiba. Mgahawa uliokuwa unakupa wali wa kuongeza bure unafanyaje hapo? Wengine wamepunguza bakuli, wengine wanachanganya mchele wa zamani, wengine wanapika mwingi asubuhi mara moja uishe nao jioni. Huo wali wa baridi uliokula mimi nahisi umetoka huko. Samaki akipunguzwa unaona kwa macho, wali ukiharibiwa unasema tu "sijui kwa nini leo sijafurahi".

Fundi_wa_Mkanda

Mzee umemaliza. Hicho cha mwisho nilikuwa nakitafutia maneno tangu juzi.

Mimi nikiingia mgahawa mpya wa bei chee siangalii picha ya nyama. Naangalia wanapakua vipi wali. Akifungua sufuria mvuke ukatoka na akaukata kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, kisha akautia bakulini bila kuushindilia, nakaa. Akichota kama anachota mchanga natoka na kiu yangu. Wanaoharibu wali hawawezi kuniambia wametunza supu.

Kaunta_Saba

Sawa wazee wangu, nimewasikia. Ila bado nasema mnatetea sana. Chakula cha mteja wa kawaida kisihitaji semina. Mtu kaja na njaa, kakaa, kalipa, aondoke kafurahi, siyo mpaka ajue neno la siri la kuongezewa mchuzi na joto la wali.

Pwani_Kabisa

Hapo Kaunta_Saba kapiga penyewe, mjibuni 😂

Mama_Miso

Kila chakula kina semina yake mdogo wangu, sema ya kwenu ulihudhuria ukiwa na miaka miwili mgongoni kwa mama ndo maana hukumbuki.

Nenda teishoku. Mpeleke na binamu kabla hajaondoka. Ukirudi na malalamiko nitakulipia bakuli.

Gemba_Usiku

Screenshoti nimeshapiga, Mama_Miso kaahidi bakuli.

Kaunta_Saba

Wakuu nimerudi. Wiki imepita, binamu kaondoka juzi, vidole vimepona.

Jumatano mvua inanyesha tukaingia kigahawa kimoja nyuma ya stesheni, sitataja jina maana viti ni tisa tu na nyie mtakijaza. Mlangoni kuna mashine ya tiketi ya zamani, ya vitufe, kila kitu Kijapani na picha hamna. Nikaingiza noti ya elfu, inaitema. Nageuza, inaitema. Napangusa kwenye suruali, inaitema. Nyuma yangu kuna mzee kashika mwavuli anasubiri, jasho linanitoka. Mama mmoja mtu mzima akatoka jikoni anafuta mikono, akaiangalia noti, akacheka, akaenda kwenye droo akaniletea noti nyingine. Kumbe yangu ni zile mpya za Julai 2024 na mashine yake haijui kama kuna noti mpya duniani. Sikujua nibonyeze nini, nikakumbuka niliwahi kusikia kitufe cha juu kushoto ndo wanachojivunia, nikabonyeza mara mbili, changu na cha binamu.

Kikaja samaki wa chumvi wa kuchoma, wa jamii ya vibua, ngozi imepasuka pasuka na mafuta bado yanachemka, pembeni kuna kilima cha figili nyeupe iliyokunwa. Nikamuuliza mama huyu samaki anaitwaje, akasema saba. Nikamwonyesha namba ya kiti nilichokaa, 7, nikajaribu kumweleza kwa Kijapani changu cha kuungaunga kwamba kwetu hii ndo saba, hakunielewa hata kidogo ila alicheka kwa heshima.

Sasa wali. Fundi nilikuwa nakutazamia wewe. Kafungua sufuria mvuke umempanda mpaka kwenye miwani, akaukata kutoka chini. Punje moja moja unaziona, zinang'aa, lakini ukichukua kwa vijiti zinashikana zinakuja pamoja. Niliuonja mtupu kabla ya samaki. Ulikuwa na utamu wake bila sukari, utamu wa kutafuna, sijui niuelezeje. Samaki ana chumvi kali, unachukua kipande, unafuatisha wali, unapiga supu, hakuna kitu kilichozidi. Binamu alikula kimya. Binamu yangu, kimya! Alipomaliza akainua bakuli nikadhani anataka kulilamba, kumbe anaomba kuongezewa, mama akaongeza, nasikia siku hizi inalipiwa yeni hamsini, nikalipa kwa furaha.

Jumla watu wawili yeni 1,850. Hatukupika tena usiku ule.

Malalamiko yangu mawili yabaki kwenye kumbukumbu. Moja, stuli zile zilitengenezwa kwa mtu asiye na magoti. Pili, ukimaliza huwezi kukaa, hakuna anayekufukuza ila kuna watu watatu mlangoni wanakuangalia kupitia kioo na miavuli yao, unajikuta tu umesimama. Nilijaribu kuacha sarafu mia mbili mezani kama shukrani, mama kanikimbilia mpaka nje kwenye mvua kunirudishia.

Sushi ile sirudi lakini. Hapo bado niko pale pale.

Mama_Miso

Bakuli langu limepona 😌

Fundi_wa_Mkanda

"Mvuke umempanda mpaka kwenye miwani", hapo ungeishia. Sushi urudi, ila ile ile ya bei chee, saa tano asubuhi wanapofungua, wali wa kwanza wa siku. Chukua aji na ika tu, yaani samaki wanaofanana na vibua, na ngisi, achana na samoni yenye mayonezi.

Mzee_Kijiko

Vigahawa vya hivyo vinafungwa mwenyewe akizeeka, watoto wamekwenda ofisini. Viwili vyangu vimeshafungwa. Nenda ukipata nafasi, usisubiri siku ya mshahara.

Abuu_Saumu

Kaunta_Saba hongera. Samaki wa chumvi, wali mtupu, figili, hapo hata sisi tumo. Supu ya miso uliza tu kama hawajatia vipande vya nguruwe, ile inaitwa tonjiru.

Mgeni_Juzi

Samahanini wakuu, mimi ndo kwanza nina siku nne huku. Hiyo mashine ya tiketi inakubali kadi?

Kaunta_Saba

Haikubali. Beba sarafu, au tafuta noti ya zamani.